Kamba ya katani na akili nane

Semina za walimu zina kawaida yake: kila mtu anarudi na karatasi ya manila. Niliyorudi nayo mimi ilikuwa na jedwali la aina nane za akili, yaani lugha, hesabu na mantiki, picha na nafasi, muziki, mwili, kuelewana na watu, kujitambua, na kuyasoma mazingira. Upande wa kulia kulikuwa na nafasi tupu za kujaza majina ya wanafunzi. Mwezeshaji alitutaka tukifika shuleni tumpange kila mtoto kwenye safu yake, kisha tuandae kazi za kila safu. Sasa Darasa langu la Tano lina watoto zaidi ya sabini, madawati ya kubanana watatu watatu, na kipindi ni dakika 40. Nikaona hapo natakiwa kufundisha madarasa manane ndani ya chumba kimoja. Jedwali nikalibandika ndani ya mlango wa kabati la vitabu, na ule upande wa majina mpaka leo haujaandikwa kitu.

Nadharia yenyewe, ile ya akili nyingi, sina ugomvi nayo. Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipotoa kitabu chake mwaka 1983 alikuwa anabishana na tabia ya kumpima mtu akili kwa namba moja. Tabia hiyo ina historia. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon walitunga kipimo kule Ufaransa ili kuwabaini watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni. Waliofuata wakakigeuza mizani ya kumpimia kila mtu. Gardner akasema akili ni saba, na miaka ya tisini akaongeza ya nane, ile ya mazingira. Mmoja wa mifano yake ni mabaharia wa Puluwat, kisiwa cha bahari ya Pasifiki, wanaosafiri kwa kufuata nyota. Huku pwani ya Bagamoyo mfano huo haumshangazi mtu. Wapo wazee ambao kalamu inawatoa jasho, lakini wanavuka usiku kwenda Unguja na kurudi, na hakuna aliyewahi kuwaita wajinga. Mtoto wa mzee huyohuyo akipata alama tisa kati ya hamsini kwenye Hisabati, tunamwita mzito. Hapo ndipo Gardner aliponigusa.

Sasa kazi ilikuwa kuona mambo hayo yanasaidiaje mada zilizomo kwenye muhtasari wangu.

Nianze na binti mmoja ambaye rejista ilikuwa inamsema vibaya. Alikuwa haji shule siku mbili tatu, anarudi, anakaa wiki na kitu, anapotea tena. Ukiziangalia zile alama za kutohudhuria kwa mwezi mzima unaona zimekaa kwa mpango: kundi moja karibu na mwezi mwandamo, jingine karibu na mwezi mpevu. Mama yake analima mwani. Nilipokwenda nyumbani kwao kuzungumza alinipokea vizuri, akanipa kigoda, akasema, "Mwalimu, bamvua halimngoji mtu." Kweli. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali sana, na kwa mwambao wetu hupwa asubuhi ya saa nne hivi, saa ambayo mimi niko ubaoni. Mikono yote ya nyumbani inahitajika kufunga tai-tai, vile vikamba vya kushikia mwani, na kuvuna.

Kuhusu mahudhurio tulielewana kiasi, na hiyo ni habari nyingine. Kilichonikaa kichwani njiani ni kwamba binti huyu anajua bahari itapwa saa ngapi leo, kesho na wiki ijayo, bila kalenda, ilhali kwenye jaribio langu la kujumlisha saa na dakika alikuwa amepata sifuri.

Kipindi kilichofuata sikufungua kitabu. Niliandika ubaoni: leo maji yamekupwa saa 4:00 asubuhi, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50, tafuta saa ya kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo. Saa 4:50 waliipata wote. Ya keshokutwa darasa zima likaandika 5:00, kwa sababu walijumlisha hamsini na hamsini kama shilingi, wakapata mia. Binti wa mwani akacheka. "Mwalimu, keshokutwa saa tano ukienda utakuta maji bado yanatoka." Nikamuuliza basi yatakuwa yamekupwa saa ngapi. "Saa sita kasorobo, au imepungua kidogo." Jibu ni 5:40. Nikampa chaki aje atuonyeshe. Alisimama kimya mbele ya ubao, akahesabu kwa vidole dakika kumi kutoka 4:50 mpaka saa tano kamili, zikabaki arobaini. Hiyo ndiyo njia ambayo nimeifundisha miaka nenda rudi kwa maneno "dakika sitini hufanya saa moja", na nusu ya darasa ilikuwa haijaisikia mpaka alipoionyesha yeye kwa vidole.

Mtondo ikawa 6:30, mtondogoo 7:20. Tukaenda mbele siku saba tukafika karibu na saa kumi alasiri, na watoto wa wavuvi wakasema wenyewe kwamba hapo ni maji mafu, bahari haitoki wala haiingii sana. Somo la Hisabati likawa limeingia kwenye Sayansi bila mimi kupanga, na mwezi angani ukapata kazi.

Jedwali la semina lingemweka binti huyu safu ya mazingira, na pengine hilo ni kweli. Ila faida ya somo ile waliipata wote sabini, wakiwemo watoto wa watumishi waliohamia juzi, ambao bahari wanaijua kwa kuogelea siku ya Idi.

Muziki ulinifundisha zaidi. Kwenye Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa namba zote mlizopewa, watoto wengi hujua kuorodhesha vigawe lakini hawajui wanatafuta nini. Nikagawa darasa: upande wa dirishani wapige makofi kila ikifika namba ya tatu, upande wa mlangoni wakanyage chini kila ikifika ya nne, na sote tuhesabu kwa sauti kuanzia moja. Raundi mbili za kwanza zilivurugika kwa vicheko. Baadaye mdundo ukakaa: makofi kwenye 3, 6, 9, kishindo kwenye 4 na 8, halafu kwenye 12 vikatua pamoja. Paa la bati likajibu. Tukaendelea, vikatua tena pamoja kwenye 24. "Wamekutana wapi mara ya kwanza?" Kumi na mbili. Sikuwa na haja ya kueleza zaidi.

Halafu nikawawekea mtego. Dirishani wachukue nne, mlangoni sita. Kabla hatujaanza niliwataka wabashiri, na karibu wote wakasema 24, kwa kuwa nne mara sita ni 24 na ule mfano wa tatu na nne ulikuwa umewaaminisha kwamba kuzidisha kunatosha. Tukahesabu. Kishindo na makofi vikagongana kwenye 12, na kuna aliyepiga kelele, "Wamewahi!" Kwa nini wamewahi? Hilo ndilo swali lililobeba kipindi kizima. Mtoto mmoja akafika mwenyewe kwenye jibu kwamba nne na sita zote "zina mbili ndani yake", na kwa hiyo mbili hiyo isihesabiwe mara mbili. Ukiwa umefika hapo, kuchora ngazi ya vigawo tasa kunakuwa kuandika tu kile ambacho masikio yameshakubali.

Na sasa nije kwenye jambo lililonifanya niliache jedwali kabatini. Darasani nina kijana mpiga ngoma. Harusi ikiwa na mdundiko, yeye yuko mbele. Mtu yeyote angemjaza safu ya muziki bila kufikiri, nami nilimtegemea awe kiongozi wa kundi la dirishani. Ndiye aliyepoteza hesabu wa kwanza. Mikono yake ikipata mdundo haitaki kuhesabu, inataka kupamba: anaongeza kofi la katikati, anachelewesha kidogo, anarudi. Kwenye ngoma huo ndio ufundi wenyewe. Kwenye KDS ni vurugu. Aliyeshika mdundo bila kuyumba alikuwa msichana mpole wa dawati la pili asiyeimba hata wimbo wa taifa ukamsikia. Baadaye mpiga ngoma alielewa KDS vizuri kabisa, ila aliielewa alipoona vigawe vimepangwa kwenye mistari miwili daftarini, kimoja juu ya kingine.

Watafiti wameusema ukweli huo kwa lugha yao. Tangu mwanasaikolojia Charles Spearman alipoandika mwaka 1904, imekuwa ikionekana tena na tena kwamba anayefanya vizuri jaribio la aina moja huelekea kufanya vizuri na la aina nyingine, na kwa sababu hiyo wanasaikolojia wengi hawakubali kwamba akili hizi zimejitenga kama Gardner alivyozigawa. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za "mitindo ya kujifunza" wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mtoto akifundishwa kwa mtindo wake anajifunza zaidi. Gardner mwenyewe mwaka 2013 aliandika kwamba akili nyingi si mitindo ya kujifunza, na kwamba wanaochanganya hayo mawili wanakosea. Semina zetu bado zinachanganya. Kumwambia mtoto wa miaka kumi na moja "wewe ni wa mwili, wewe si wa namba" ni kumfungia kazi ambayo hajaijaribu, na kwa umri ule atakuamini.

Ninachofanya ni kuileta mada ileile kwa njia mbili au tatu, na kila mtoto azipitie zote. Kupanga ni kwa mada, si kwa watoto. Na si kila mada inakubali kila njia. Nimewahi kuona andalio la somo lenye wimbo wa desimali ambao maneno yake hayakuwa na desimali hata moja. Ule ni wimbo tu.

Kamba, kwa mfano, inafaa mzingo na eneo, na sijui kama inafaa kitu kingine. Nilinunua kamba ya katani, nikaikata mita 24, nikafunga fundo kila mita na kuunganisha ncha. Tukatoka nje. Watoto wanne wanashika kona, wengine wanahesabu mafundo. Shamba la kwanza likawa 10 kwa 2, la pili 8 kwa 4, la tatu 6 kwa 6, na kiranja anaandika kwenye ubao mdogo: 20, 32, 36. Kamba ni ileile. Shamba lipi utavuna mahindi mengi? Huwa wanabishana hapa, kwa sababu macho yanaliona lile refu kuwa kubwa.

Tulipokuwa kwenye 6 kwa 6, mtoto wa fundi mwashi, ambaye darasani huwa anachora nyumba pembezoni mwa daftari wakati mimi naongea, akasema kwa sauti ya kukereka, "Mwalimu, hiyo kona haijakaa skwea." Nikamwambia aiweke. Akahesabu mafundo matatu upande mmoja, manne upande wa pili, akachukua kipande cha kamba alichokipima urefu wa mafundo matano akakinyoosha katikati. Hakikufika. Akamsukuma mwenzake bega mpaka kikafika. Ndivyo baba yake anavyopiga msingi ili kona iwe pembe mraba, kwa tatu, nne, tano, na Pythagoras, Mgiriki wa kale mwenye kanuni hiyo, hamjui.

Nikaona hiyo ni nafasi ya kuitumia. Nikawaambia walioshika kona mbili za upande mmoja watembee polepole kwenda kushoto bila kulegeza kamba. Mraba ukalala. Ukazidi kulala, mpaka watoto wa pande mbili wakawa karibu kugusana. Mzingo ni ngapi? Ishirini na nne. Na shamba? "Limekwisha, mwalimu." Upande mara upande ni kwa kona iliyokaa skwea, na siku hiyo sikuhitaji kulisema.

Ila kuna sehemu ambayo wanaosifia mbinu hizi hawaielezi. Kesho yake kwenye zoezi la daftarini, mtoto yuleyule wa fundi aliulizwa eneo la mstatili wa 7 kwa 5 akaandika 24. Mikono yake inajua, kalamu haijui. Walimu wenzangu wengi wakikutana na hilo husema basi, michezo haisaidii, turudi kwenye kukariri. Mimi nadhani kilichokosekana ni hatua ya katikati. Nilimtaka achore ile kamba: nukta kwa kila fundo, halafu agawe ndani kwa mistari mpaka apate viboksi vya mita moja moja, avihesabu. Akachora vizuri kuliko mimi. Vikatoka viboksi 35, na nukta za pembeni zilikuwa 24. Akavitazama vyote viwili, akafuta jibu lake. Tangu hapo kila tunapotoka nje tunarudi na dakika zisizopungua kumi na tano za kuchora na kuandika. Kama muda huo haupo, hatutoki.

Kitu kama hicho kilionekana Recife, Brazil. Terezinha Carraher na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1985, waliwauliza watoto watano wauzaji wa mitaani maswali ya kununua na kurudisha chenji, wakiwa kwenye biashara zao. Wakapatia asilimia 98. Hesabu zilezile zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi bila nazi wala ndimu, wakapatia asilimia 37. Wanaouza kashata na barafu huku kwetu hawana tofauti. Na hata bao. Vijana wa Darasa la Tano wanalichezea kwenye mashimo ya mchangani kwa komwe, na wanaona mwisho wa mtaji, yaani wa kete watakazosambaza, kabla hawajaushika. Wana mashimo 16 upande wao. Ukianzia shimo la 13 na kete saba mkononi, ya mwisho itaangukia wapi? Wanasema la nne kabla hujamaliza kuuliza. Ndani yake kuna 13 na 7 kuwa 20, halafu 20 kutoa 16, yaani kugawanya na kupata baki. Ukiwaandikia "20 gawanya kwa 16, baki ngapi" wanaanza kutafuta vidole. Mpaka mtu mzima aketi nao, ayaandike mashimo kwa namba na kuwaonyesha kwamba ni kitu kimoja, vitaendelea kuwa vitu viwili. Wacheza bao wazuri kila kijiji wapo. Asingehitajika mwalimu kama ujuzi ungevuka wenyewe.

Kuhusu lugha sina mengi, kwa sababu shule zetu zimekuwa za lugha siku zote: mwalimu anasema, mtoto anasikiliza, anaandika. Kilichonisaidia ni kuwageuza wao wawe watungaji. Kipindi cha Kiswahili tunaanza kwa vitendawili, na baada ya "Kuku wangu katagia mibani" na vile vingine wanavyovijua, kila kikundi kinatega kipya cha mada ya Sayansi au Hisabati. "Kitendawili!" "Tega!" "Ukinigawanya kwa yeyote nabaki na aibu, isipokuwa mimi na moja." Namba tasa. Kilitungwa na watoto, mimi nilisahihisha tahajia tu.

Na ile ya kujitambua, ambayo kwenye semina tuliipita haraka maana haina igizo, imenilipa kuliko zote kwa gharama ya daftari moja. Kila mtoto ana kurasa za nyuma anazoandika swali alilokosa na sentensi moja ya kwa nini. Mwanzoni wote waliandika "sikuelewa". Niliikataza sentensi hiyo. Sasa nasoma "nilidhani 0.5 ni ndogo kuliko 0.25 kwa sababu 25 ni kubwa", au "nilinakili kwa mwenzangu naye amekosa". Nikizisoma hizo Ijumaa najua Jumatatu naanzia wapi.

Malalamiko yapo. Mwalimu wa chumba cha pili ana haki ya kulalamikia makofi, tumekubaliana yawe kipindi ambacho darasa lake liko kwenye michezo. Mdhibiti ubora aliyetukuta nje na kamba aliuliza andalio liko wapi, akalisoma, akasimama kona moja akashika. Wazazi wengine huuliza kwa nini watoto wanacheza wakati mtihani wa taifa unakuja, na siwezi kuwabeza, kwa sababu siku ya mtihani mtoto anakaa peke yake na penseli anaweka kivuli kwenye herufi moja kati ya kadhaa. Hakuna kamba pale.

Kwa jaribio la mwezi nimeomba swali moja kati ya ishirini liwe la vitendo: mtoto aje mbele, apime, aeleze. Mwalimu wa taaluma alihesabu mbele yangu: watoto sabini, dakika mbili mbili, ni zaidi ya saa mbili kwa swali moja. Ana hoja. Tumekubaliana nianze na wale kumi wa mwisho wa kila jaribio, wakati wengine wanafanya masahihisho, na alama zao za vitendo niziandike pembeni kwa penseli, kwa kuwa fomu ya matokeo ina safu moja tu ya Hisabati.